Nesi Aliyemtukana Bibi

Baada ya semina ya huduma kwa mteja, hospitali yetu ya Ruangwa ilijaa adabu mpaka ikatisha. Mlinzi wa getini, ambaye zamani alitufukuza kama mbuzi, sasa alitufukuza kwa "karibuni tena." Manesi wakatabasamu. Mmoja alitabasamu huku akiutafuta mshipa wa bibi yangu na kuukosa, nikatamani anune kidogo aone vizuri.

Bibi alikuwa na homa ya mapafu. Tulimleta kutoka Nanganga akiwa hoi. Homa ilianza kushuka, lakini chakula alikigomea kabisa. Daktari alisema waziwazi: asipokula, dawa peke yake hazitamvusha. Nilichemsha supu ya kuku, wenye tabasamu wakaja kumbembeleza, "Mama mpendwa, jitahidi." Bibi akageukia ukutani.

Aliyemweza ni nesi mmoja Mngoni, aliyehamishiwa kwetu kutoka Songea. Aliniuliza bibi ni kabila gani. Nikamwambia Mmwera. Akashika kiuno.

"Ndiyo maana anaogopa kijiko! Babu zangu walikuwa wakikohoa tu, nyie mnakimbilia porini."

Bibi aligeuka, sijui nguvu alizitoa wapi. "Wezi wa kuku nyie! Mpaka leo hamjarudisha."

"Haturudishi. Na huyu wa kwenye supu namla mimi kama humtaki."

Bibi akalivuta bakuli. Huo ndio utani wetu na Wangoni, umetoka kwenye vita vya mababu. Mtani anakutukana hata msibani, na kukasirika ni mwiko. Basi kila mlo ukawa vita, na bibi akawa anashinda kwa kumaliza bakuli.

Matroni wetu katokea Kagera, hana habari na mambo haya. Siku moja alisikia, "Wewe kizee mwoga, fungua mdomo!" akamwita nesi ofisini. Asubuhi iliyofuata nesi aliingia wodini amefunga mikono mbele kama yuko mahakamani.

"Shikamoo, bibi. Naomba ujitahidi unywe uji."

Bibi akausukuma uji, akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, ile mikorosho mgawane bila kugombana. Daktari ameshawaambia wenzake kwamba nakufa. Hata Mngoni ananiheshimu."

Nilicheka, na machozi yakanitoka palepale, maana alikuwa hatanii. Alikuwa anaaga. Nikaenda kwa matroni, nikamwambia naomba bibi yangu atukanwe. Akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikamweleza, akasema mwongozo hauruhusu. Nikamwambia basi aje aone mwongozo wake unavyoua.

Alikuja. Alimkuta bibi amefumba macho, uji umeshika utando. Akamgeukia nesi, aliyekuwa bado kando ya kitanda.

"Mtukane," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini polepole."

Nesi akainama kitandani. "Wewe kizee, ukifa leo nani ataniogopa?"

Bibi akafumbua jicho moja.

"Nani alishawahi kukuogopa? Lete uji."