Maji Niliyoyapasha Kinywani

Nilimbatiza mdogo wangu kabla mimi mwenyewe sijabatizwa. Nilikuwa na miaka kumi hivi, bado niko kwenye mafundisho ya ubatizo katika misheni iliyokuwa bonde la pili kutoka kwetu, juu ya Lushoto, na nilikuwa na kiherehere cha kujua kila kitu. Sista aliyetufundisha alisema ubatizo humfanya mtu kuwa mwana wa Mungu. Akasema mtu akiwa anakata roho na padre yuko mbali, yeyote anaweza kumbatiza: ammwagie maji kichwani, na papo hapo aseme maneno. Nilirudi nyumbani nikijiona padre kamili.

Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko chini Korogwe wakati mdogo wangu alipozaliwa. Ilikuwa kipupwe, ukungu umetanda hata migomba ya mlangoni hatuioni. Siku ya tano mtoto akakataa kunyonya. Asubuhi ya sita midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Mama, ambaye dini ya misheni aliiona mambo ya watoto wa shule, alinigeukia.

"Kama kuna kitu wamekufundisha huko, kifanye," alisema.

Sasa, nyumbani kwetu hakuna aliyemwagia kichanga maji ya baridi. Mama huyatia kinywani, huyatunza mpaka yapate uvuguvugu, kisha humtiririshia mtoto taratibu. Ndivyo nilivyoona wadogo zangu wote wakioshwa. Kwa hiyo nilijaza kinywa maji ya mtungi, nikangoja meno yaache kuuma, nikayatiririsha kwenye utosi wake. Yalipokwisha nikajifuta midomo, nikasema, "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Akapumua mara chache, akatuacha.

Tulikuwa njiani kwenda misheni, Mama amembeba kifuani, nilipoikumbuka ile papo hapo ya Sista. Nani anaweza kusema neno huku kinywa kimejaa maji? Waliobatizwa walizikwa ndani ya ua wa makaburi, wengine nje kwenye miti ya miwati.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilimwamkia Padre.

"Milele, amina," aliitikia. Nilipomweleza kwamba nimembatiza mtoto, aliuliza, "Ulisema maneno huku maji yanamwagika?"

Mama alikuwa ananitazama. Nikasema, "Ndiyo, Padre." Mtoto akazikwa ndani.

Nami nilibatizwa Pasaka iliyofuata, na kusema kweli sikuona raha. Nilitaka mdogo wangu awe wangu hata huko mbinguni, na sikujua kama yuko. Nilitamani awepo kila nilipoona watoto wa rika lake: sasa angekuwa anatambaa, sasa angekuwa ananing'ang'ania nikienda mtoni, nami ningemfukuza na kumgombeza. Niliuungama ule uongo kwa padre mwingine. Akaniambia Mungu hashindwi kumfikia mtoto kwa sababu ya kosa langu. Nilimwamini kwa kichwa. Moyo uligoma kabisa.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu. Siku moja niliporudi likizo, Mama akaniambia amekuwa akienda mafundisho, naye atabatizwa Jumapili. Nikauliza kisa.

"Nataka kwenda aliko mdogo wako," alisema.

Jumamosi, tukimenya viazi, nilishindwa kuvumilia. Nikamweleza yote, maji kwanza na maneno baadaye, na jibu nililompa Padre. Aliendelea kumenya.

"Uliogopa atasikia baridi," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Lete sufuria."

Nilijua nimemharibia. Nilikuwa na hakika kesho yake hatatoka nyumbani.

Alitoka. Alijifunga shuka nyeupe, akatangulia mbele yangu njia nzima bila kugeuka nyuma. Mlangoni mwa kanisa Padre akamwuliza swali linaloulizwa kila mtu: "Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?" Jibu lake ni moja, "Imani," nasi sote tulilijua kama tunavyoijua shikamoo.

"Mwanangu," Mama alisema. "Yule mdogo."

Padre alidhani hakumsikia vizuri, akarudia swali. Mama naye akarudia jibu lile lile.