Sahani ya Upendo

Asubuhi za baridi kule Mafinga zilinukia mbao mbichi za paini, lakini ikikaribia saa sita harufu hiyo ilizidiwa na ya makande yaliyoungulia chini ya sufuria. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha mchana shuleni: mahindi mengi, maharage ya kutafuta, bila mafuta wala kitunguu. Tuliyala bila kulalamika kwa sababu wote tulikula sawa, mpaka kipupwe kile nesi alipokuja kutupima mikono kwa utepe wa rangi. Wangu uliishia kwenye kijani. "Wewe mzima," akasema, akaita mwingine. Wa Upendo, niliyekaa naye dawati moja, uliishia kwenye njano, dalili ya kupungukiwa lishe. Tangu siku hiyo, kengele ya chakula ikilia, Upendo alikwenda jikoni kwa mpishi kupewa sahani yake peke yake: ugali wa dona, maharage yaliyoungwa, mchicha, ndizi mbivu na yai la kuchemsha. Mimi niliketi nje kwenye nyasi na bakuli langu, nikimwona mlangoni akimenya lile yai taratibu. Kwa wivu niliyaacha makande bakulini. Nilimpenda Upendo, lakini nilichukia hata jinsi alivyotafuna, nikauchukia na mkono wangu mnene.

Nikaanza kukataa chakula cha jioni nyumbani. Mama, aliyekuwa akipanga mbao kiwandani, hakuelewa.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa mbona huli, mwanangu?"

Nikalia. "Nataka nikonde kama Upendo, na mimi nipewe yai."

Hakunigombeza. Kwenye kikao cha wazazi alisimama, vumbi la mbao bado liko kwenye kitenge chake, akasema, "Mwalimu, mwanangu anajikondesha ili ale vizuri. Tusubiri wote wakonde ndipo tuwapikie?" Mwalimu mkuu alieleza kwamba chakula kile kilitoka zahanati na hakikutosha wote. Wengine waliguna kwamba wao walikulia makande na hawakufa. Mwishowe walikubaliana kila nyumba ilete maharage na karanga, na sisi watoto tulime bustani ya mboga nyuma ya madarasa. Mvua zilipokolea, wote tulikula mchicha wa karanga. Mayai yalikuja mara chache, lakini yalikuja kwa wote.

Siku ya kwanza ya chakula hicho kipya, Upendo alitoka jikoni akaja kuketi nami kwenye nyasi. Nilidhani amenuna.

"Nilikuwa nakuonea wivu," akasema.

"Mimi?"

"Nesi alikwambia wewe mzima. Mimi kila mtu aliniita mgonjwa, na kule jikoni sikuwa na wa kuongea naye."

Tukala.

Siku hizi naishi Iringa mjini. Shuleni kwa binti yangu wana utaratibu wa chakula bora: dona, mboga za majani, tunda kila siku, na soda haipiti getini. Wiki iliyopita nilipita shuleni hapo mchana, nikamkuta akisukuma parachichi pembeni mwa sahani. "Mama, kila siku parachichi! Nimechoka." Nilipaswa kucheka. Badala yake wivu ukanipanda kifuani, mkali vilevile, na safari hii namwonea mtoto niliyemzaa mwenyewe. Nilifurahi kwamba haijui njaa, na bado nikamwonea wivu kwa kutoijua. "Kula," nikamwambia, kwa ukali zaidi ya nilivyokusudia. Akanitazama kwa mshangao, kisha akala.