Mabati Chini ya Kitanda

Vijana wanaoanza kufundisha hesabu huja kuniuliza namna ya kugawa kazi na maisha. Huja na kalamu mkononi, wakidhani mtu aliyezeekea hesabu lazima ana kanuni. Kanuni sina. Nina habari za mabati, na nikishawasimulia huondoka wamevunjika moyo kidogo, ingawa chai wanakuwa wamekunywa.

Mabati yenyewe yalikuwa ya mdogo wangu. Aliyanunua miaka ya sabini ikianza anza, kwa faida ya samaki, maana alikuwa akileta ngege kutoka Port Victoria na kuwauza sokoni Kombewa, karibu na kwetu. Mke alikuwa naye, watoto alikuwa nao, mabati ndiyo hayo. Alichokosa ni njia ya kujenga. Kwetu mwanamume akishakuwa na jamaa yake hutoka katika boma la baba akaanzisha lake, lakini mdogo hamtangulii mkubwa. Mkubwa ni mimi. Na mimi nilikuwa Kisumu, mchana ninafundisha shule ya upili, jioni ninapigana na swali moja la hesabu ambalo nilikuwa nimeapa kulimaliza kabla sijajenga hata banda la kuku.

Basi mabati yakangoja. Kibanda cha mdogo wangu kilikuwa kidogo, kwa hiyo mengine yalisukumwa chini ya kitanda chake na mkewe, na yaliyobaki yakatandikwa mikeka yakawa kitanda cha watoto. Mtoto akijigeuza, boma zima linajua. Mama yetu, aliyelala nyumba ya pili, alisema ameshajifunza kumtambua kila mjukuu kwa mlio wake.

Swali langu si gumu kulieleza. Chora nukta kwenye karatasi, ziunganishe kwa mistari, na mistari isikatane. Nukta zikiwa chache, huo ni mchezo wa watoto. Zikizidi, mistari inagongana kama watu wa Kibuye siku ya soko. Mimi nilitaka kujua ni wakati gani haiwezekani kabisa, na kwa nini. Mke wangu alikuwa akishona nguo za watoto na kuziuza huko huko Kibuye, na wauzaji wenzake walipomuulizia habari zangu aliwaambia, “Wanawake wengine bwana zao iko na bibi ingine. Yangu iko na nukta.”

Msinifikirie vibaya. Nilikuwa nimewapangia watu wa nyumbani kwangu muda wao, tena kwa rula. Niliipigilia ratiba kwenye mlango wa jikoni, na ndani yake familia ilipewa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Ikifika saa hiyo watoto walijipanga kwenye benchi nje ya chumba changu, wameoga, kila mmoja na shida yake, wakaingia mmoja mmoja. Mke wangu aliwatazama akatikisa kichwa. “Hata hospitali watu wanatoka na dawa,” akasema.

Mdogo wangu hakunidai kitu. Hilo ndilo lililonikera. Angekuja akagomba, ningegomba pia, na kwa kugomba mimi ni hodari. Yeye alikuja Kisumu na ngege amefungwa kwenye baiskeli, akakaa, akanywa uji, kisha akauliza kwa upole kama mtu anayemuulizia mgonjwa:

“Hiyo hesabu imefika wapi, Mwalimu?”

“Imekaribia.”

“Imekaribia kama Kombewa, ama kama Nairobi?”

Nikamjibu kama Kombewa. Miaka ikapita, hesabu ikabaki Kombewa, na yeye akaendelea kuleta samaki.

Aliyechoka ni mke wake. Siku moja nikiwa darasani, mgongo kwa wanafunzi, nilisikia benchi la nyuma limelia. Nilipogeuka nilimwona shemeji yangu ameketi kati ya wavulana wawili, kitambaa kichwani, kikapu mapajani. Nilijaribu kuendelea. Kipindi kilipokaribia kwisha alinyoosha mkono, wima kabisa, na mimi kwa mazoea ya kazi nikasema, “Ndiyo?”

Akasimama. “Mwalimu, niko na swali. Kama mkubwa hajajenga, na mdogo hawezi jenga mbele yake, hawa watoto watalala juu ya mabati mpaka lini?”

Darasa zima liliandika. Mvulana mmoja wa mbele, mwenye bidii kupita kiasi, alikwisha kuuita muda huo x. Akaniuliza kama mkubwa ana sababu yoyote, kwa sababu katika swali haikutajwa. Nikaomba kengele ilie. Kengele nayo ilijichelewesha.

Likizo ya Desemba tukaenda kujenga. Mke wangu alinikagua mkoba kabla hatujatoka Kisumu, akatoa karatasi, akatoa penseli, akatoa na ile penseli ya pili iliyokuwa ndani ya soksi.

Kwa watu wetu nyumba ya kwanza ya boma jipya hujengwa kwa siku moja. Jua likitua haijakwisha, siku hiyo imeharibika, inabidi kubomoa na kupanga nyingine. Na ikiisha, mwenye boma hulala humo, wala hatoki kwenda kulala kwingine kwa siku kadhaa. Alfajiri baba yangu mdogo alitutangulia njiani, maana baba alikwisha kufariki. Mimi nikafuata na shoka, kifungua mimba wangu akiwa na jogoo kwapani, mke wangu na moto kwenye chungu. Mzee akaonyesha mahali kwa fimbo, akasema, “Hapa,” na wanaume wakaanza kuchimba mashimo ya nguzo.

Nilipewa kazi ya mtu asiyejua kazi: kusimama ndani ya duara la nguzo na kushika fito, mdogo wangu akizifunga kwa nje. Ufito mmoja unapita nje ya nguzo, mwingine ndani, katikati utaingia udongo. Nilishika fito asubuhi nzima. Halafu, sijui ni jua ama ni njaa, nikaona. Fito za nje na fito za ndani zilikuwa zikipishana kila mahali na hazikugusana hata mara moja, kwa sababu kati yao kuna ukuta. Mimi nilikuwa nikilazimisha mistari yote ikae upande mmoja wa karatasi. Mingine ingeweza kupita upande wa pili.

Nikaachia ufito. Ulimpiga mdogo wangu kwenye paji la uso, akasema “Yawa!” na kuendelea kufunga.

Wanawake walipokwisha kukandika udongo, wanaume wakiwa juu wanaezeka nyasi, nilichukua kijiti nikaanza kuchora. Nukta na mistari ya kwanza nje, mistari ya pili ndani, nikikimbia kupitia mlangoni kuangalia kama zimelingana. Watu walidhani jua limenipiga. Baba mdogo alikuja akasimama mbele ya ukuta, akauchunguza kwa makini ya mtu aliyeamua kesi nyingi za mipaka.

“Hii laini,” akasema, akigusa kwa fimbo, “imepita kwa shamba ya nani?”

“Si shamba, Mzee. Ni ile swali yangu.”

“Basi imepita vibaya. Watu watapigana hapa.”

Jua lilikuwa limeshuka. Paa lilikuwa karibu kwisha, na kilichobaki kwa nje ni kulainisha ukuta. Shemeji yangu alikuja upande wangu, udongo mpaka kwenye viwiko, akipaka kwa mikono miwili, haraka haraka, akaifikia nukta ya kwanza. Nikaruka nikasimama mbele ya ukuta nimetanua mikono kama golikipa.

“Shemeji, toka hapo.”

“Kidogo tu. Bado sijaishika kichwani.”

“Jua inaenda!”

“Miaka yote hii nimeitafuta!”

“Na mimi je?” akasema. Hakupaza sauti. “Mimi nimetafuta nini?”

Kazi ikasimama. Walioko juu ya paa walitazama chini, mke wangu akatoka ndani na moto wake. Nikamtafuta mdogo wangu kwa macho. Alikuwa kwenye ngazi, alama ya ufito ingali kwenye paji la uso. Alitazama jua, akatazama ukuta, akamwambia mkewe kwa sauti yake ile ile ya kuulizia mgonjwa:

“Wacha amalize. Tumengoja miaka mingi, hii kidogo haitatushinda.”

Nawaambia ukweli, kama angenipiga na nyundo isingeuma hivyo. Alikuwa tayari kunipa na siku hii pia. Angebomoa, watoto wake wangelala tena juu ya mabati, na wiki ijayo angekuja Kisumu na ngege. Nilimpenda sana saa ile, na niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Nikainama kwenye lundo la udongo, nikachota kwa mikono miwili, nikaanza kupaka mwenyewe. Nilianza na nukta zangu. Shemeji akanitazama kidogo, kisha akasema, “Si hivyo, unapaka kama mtu anapaka mtoto mafuta,” akanionyesha, tukamaliza pamoja. Mke wangu alipoingia kuweka moto mafigani, mwanga ulikuwa ungalipo.

Siku zile nilizofungiwa kwenye boma langu sikuwa na karatasi wala ratiba. Watoto walizoea kuniona nimekaa tu, wakaacha kujipanga foleni. Mistari ya ndani ilibaki, maana giza liliingia kabla ya kulainisha ndani, na mke wangu akatundika leso juu yake. Mimi nami sikuifunua. Niliporudi Kisumu niliandika yote niliyoyakumbuka, nikakuta kosa, kubwa tena, pale pale alipogusa Mzee kwa fimbo yake. Lile swali lilinichukua miaka mingine, likachapishwa mwishowe, na nina hakika limesomwa na watu wote watatu wanaolipenda.

Mdogo wangu hakungoja hata mwezi. Januari alitoka, akajenga, akaezeka. Mvua za Machi zilipoanza tulikuwa tumewatembelea, tumebanana nyumbani kwake, watoto wake wakilala kwenye mikeka juu ya udongo mtupu. Walikuwa wakijigeuza wapendavyo na hakuna mlio. Kisha mvua ikashuka, na mabati yale, yenye kutu kabla ya kuonja tone moja, yakapiga kelele juu ya vichwa vyetu hata hatukuweza kusikilizana. Mdogo wangu aliniinamia sikioni akapiga ukelele:

“Mwalimu! Hesabu imefika wapi?”

Nikamwambia sisikii.