Mpima Matangi Anayesahihisha Mafuta ya Dunia

Saa tisa na nusu alasiri, mwanamke mwenye ovaroli ya kijani amesimama juu ya ngazi nyuma ya kituo cha mafuta, anafuta mstari mwekundu. Brashi yake ni nyembamba na rangi ni nyeupe. Kila akimaliza kipande anateremka, anaisogeza ngazi hatua moja kulia, anapanda tena.

Mstari huo aliuchora mwenyewe, miaka tisa iliyopita.

Ukuta una urefu wa hatua kumi na mbili, na una mistari saba ya rangi. Kila mmoja unaonyesha mafuta ghafi yanayochimbwa kwa siku katika eneo moja la dunia tangu mwaka 2000. Kidole kimoja cha kimo ni mapipa milioni moja. Wa nane, mweusi, umepita juu ya yote: hiyo ndiyo jumla ya dunia.

Hapa kituoni wanamwita Waziri. Jina alilipata kwa utani wa dereva mmoja wa lori la mafuta, likamganda. Kazi yake hasa ni kupima matangi yaliyofukiwa chini ya sakafu. Kila alfajiri, kabla pampu hazijafunguliwa, huteremsha fimbo ndefu yenye namba, huitoa, husoma palipolowa, huandika. Kisha husimama kwenye pampu hadi saa nane. Ni mwaka wa kumi na tisa sasa.

Shule aliishia darasa la saba. Ukuta ulianza na ugomvi: wiki moja bei ilipanda mara mbili, mteja akamwambia mbele ya watu kwamba wa vituoni ndio wanaoficha mafuta.

Anasema: “Nilikuwa nauza kitu nisichojua kinatoka wapi. Niliona aibu.”

Akaanza kusikiliza redio akiwa na kalamu. Mwalimu wa jiografia wa shule ya jirani akawa anamletea magazeti na majedwali. Meneja akampa ukuta wa nyuma kwa kuwa haukuwa na kazi. Binti yake, ambaye sasa ana miaka ishirini, husema mama akikosa cha kupima nyumbani hupima hata chumvi.

Wateja walijifunza kuusoma ukuta wakisubiri foleni. Mstari wa kijani, wa Mashariki ya Kati, unakaa juu mwaka hadi mwaka, ukibeba karibu theluthi ya jumla. Wa Ulaya unateremka kama mzee anayeshuka ngazi akishikilia ukuta. Wa Afrika ulipanda, ukasita, ukaanza kurudi chini. Mwaka 2020, watu walipojifungia majumbani, karibu yote iliinama kwa pamoja.

Kipenzi cha wengi kilikuwa mwekundu, wa Amerika Kaskazini. Ulikuwa umelala tu, kisha wachimbaji wa huko walipozoea kupasua miamba na kutoa mafuta yaliyonasa ndani, ukainuka kama moto wa makaratasi.

Miezi minne iliyopita, yule dereva alikuwa akisubiri mafuta aliyoshusha yatulie ili yapimwe. Kwa kukosa la kufanya, akajumlisha mistari saba kwenye simu yake.

“Waziri,” akamwambia, “hapa kwako dunia imezidi dunia.”

Waziri alicheka. Alipofika nyumbani akajumlisha mara tatu, na mara zote tatu maeneo saba yakaupita mstari mweusi. Chanzo alikipata wiki hii tu, katika jedwali la zamani. Kwa Amerika Kaskazini alikuwa amehesabu pia vimiminika vinavyopatikana kwenye gesi. Kwa maeneo mengine sita alihesabu mafuta ghafi peke yake.

Kwa mpima matangi, hilo linauma. Maji hujikusanya ndani ya tangi, chini, na kuyainua mafuta, kwa hiyo ncha ya fimbo hupakwa dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Kimo cha maji hayo hutolewa kabla ya kuandika.

“Vimiminika vile si takataka kama maji,” anaeleza. “Lakini ukipima, pima kitu kimoja. Hili ni kosa la mtu wa wiki ya kwanza kazini, na nimelifanya mimi.”

Kesho saa nane wanafunzi wa mwalimu yule wanakuja na madaftari yao, kama kila mwaka. Meneja alimshauri asubiri waondoke kwanza, maana hakuna atakayejua. Hata Waziri mwenyewe aliogopa: mtu akiona mstari mmoja umefutwa, ataiamini ile mingine?

Lakini akamuuliza: “Meneja, asubuhi nikikuletea kipimo chenye maji ndani, utasaini?”

Meneja akaingia stoo, akatoka na ngazi.

Saa kumi na moja, mwekundu mpya umefika mwaka 2011, vidole viwili na zaidi chini ya wa zamani. Upande wa kulia, ambako tofauti inapita vidole vitano, rangi nyeupe bado mbichi na wekundu wa zamani unachungulia. Juu, kwa penseli, ameandika: “Nilikosea. Nimesahihisha.” Chini yake, tarehe ya leo.

Dereva aliyeliona kosa anapita kuelekea lori lake, anasimama. Anamwambia atundike turubai, wanafunzi waje wiki ijayo kazi ikiwa imekamilika.

“Hapana, shemeji. Ngazi iache hapo hapo,” anajibu akifunika kopo la rangi. “Kesho nitawapa namba, wao wanionyeshe mstari upite wapi. Ila wajumlishe kwanza.”