Nilifua zulia ziwani Finland, bibi jirani akatoka mbio

Wakuu, habari za huko mliko.

Siku hiyo tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu Baraka wa Sharpstown, Houston, mdogo wetu wa mwisho Neema, na jirani yake, bibi anayeitwa Aune. Wote wapo hai, nikitia chumvi watanisuta.

Mimi naishi Mesquite, hukohuko Texas, kazi yangu warehouse. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikawalea hawa wawili. Neema akapata chuo cha nursing Finland, kamji kadogo pembeni ya ziwa.

Kila nikimpigia, analalamika: "Kaka, huku watu hawasalimiani."

Roho ikaniuma. Summer nikamchukua Baraka tukapanda ndege. Nia yangu moja: Neema akubali kuhamia Texas, a-apply chuo Arlington, awe karibu yetu.

Mji ni mzuri, acha tu. Maji yametulia, baiskeli zimeachwa bila kufuli. Ila kimya! Nasalimia watu, wananiangalia kama nimewakanyaga.

Asubuhi nikaona zulia la Neema limechafuka. Mtoto wa Kigoma mimi, kwetu tunafulia ziwani, nikalibeba hadi majini, nikamwaga sabuni, nikaanza kufua.

Bibi Aune akatoka mbio. Hakugomba. Akashika ncha moja, akanionyesha nishike nyingine.

Baraka hoi kwa kicheko. "Kaka, leo umekamatwa!"

Kumbe wana sehemu ya kufulia mazulia, juu ya ufukwe, meza za mbao, maji machafu hayarudi ziwani. Watu wanaanika palepale wanaondoka, na hakuna anayeiba. Lile ziwa wanalitunza kama mtoto mchanga.

Tukalibeba hadi huko, Neema naye akaja, tukasugua wote wanne. Tulipomaliza nikamwambia Neema aniombee radhi, kisha amuulize: mdogo wangu ana nani hapa?

Bibi akajibu neno moja.

"Kasema nini?"

"Kasema, 'Mimi.'" Neema akainama. "Nilipolazwa na homa ya mapafu, winter, alikuja kila siku. Anakaa kwenye kiti kando ya kitanda, anafuma soksi, haongei. Jioni anaondoka."

"Ulilazwa? Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kazi uje, Kaka. Nakujua."

Habari za Arlington sikuzitaja tena.

Nilichojifunza: miaka yote nilidhani asiyekusalimia hakujali. Kumbe wengine salamu yao ni kuja na kukaa.

Kile kiti cha hospitali kilikuwa changu, akakikalia yeye. Zawadi hataki, shukrani ndefu zinamkera. Deni bado ninalo.

Wakuu, ingekuwa ninyi, mngemlipa vipi?