Swali Nililomuuliza Mama Zaina

Harufu ya karafuu ikinifikia ghafla, hata kanisani, nainamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa.

Mama Zaina alikuwa mjane mzee aliyeuza chai kando ya barabara, pale kwetu Mushaki, milimani, mbali na bahari. Asubuhi za baridi sisi watoto tulimzunguka, tukingoja masalio ya birika. Alitia karafuu mbili tu, nasi tulinyoosha pua kama ng'ombe walionusa chumvi. Alizaliwa Unguja. Nilimsihi anisimulie habari za huko, naye alisimulia: maduka ya vitambaa na pembe za ndovu, milango yenye misumari ya shaba, karafuu zilizoanikwa mpaka mabaharia wakanusa kisiwa kabla ya kukiona. Mimi, mtoto wa wakulima wa maharagwe, nilikwisha kuamua kwamba nikikua nitahamia huko.

Halafu mwalimu akatufundisha kwamba kisiwa kile kiliuza pia watu, na wengine walitoka misitu ya Walikale, jirani na kwetu. Nikaona nimedanganywa, nikajiambia baba yake lazima alikuwa mmoja wa wauzaji. Siku ya soko nikamwendea, wamama wakiwa wamejaa, vikombe mikononi.

"Mama Zaina, ni kweli baba yako alikuwa anauzishaka watu?"

Akaweka birika chini. Akafungua midomo aseme. Mimi nikakimbia; nilipogeuka, nikaona mama mmoja anamwaga chai yake.

Wiki ile hakuna aliyenunua tena. Mama Zaina akafunga mizigo, akapanda lori la Walikale. Nyumbani mama alisema tu, "Ulimi haina mufupa, mwanangu."

Nilikuwa nimekwisha kuolewa nilipofika Walikale, nikaulizia mpaka nikamkuta akimenya muhogo, macho yamefifia. Nikapiga magoti.

"Mama yangu alikuwa muntu wa hapa," akasema. "Walimukamata akiwa mutoto, wakamuuzisha kule kisiwani. Alichuma karafuu za wengine mpaka uzee. Mbele ya kufa akaniambia: rudia kwetu. Njiani mimi nikaolewa kule kwenu, nikabakia."

"Mbona haukuwaambia wale wamama?"

"Nilisikia haya kusema mama yangu aliuzishwa. Lakini wewe, nilikuwa nataka kukujibu."

Akanipa kipande cha muhogo. Nikakipokea kwa mikono miwili.

Miaka yote nilidhani kosa langu lilikuwa swali. Mtoto ana haki ya kuuliza. Ila zile habari tamu nilizisikiliza zote, hakuna hata moja iliyonipita. Ilipofika ile chungu, ambayo mwanamke yule aliibeba peke yake kuvuka bahari na nchi, sikumngoja.