Mtoto Asiyeshuka Mgongoni

Mama wenzangu walikuwa wakiomba watoto wao wasimame upesi. Mimi nilikuwa naomba wangu asisimame kabisa. Nikisema hivyo leo wajukuu zangu hunitazama kwa jicho la pembe, kana kwamba bibi yao alikuwa na roho mbaya. Roho yangu haikuwa mbaya, ilikuwa na hofu, na anayetaka kunihukumu anisikilize kwanza.

Tulikaa upande wa Ruangwa, kijiji cha nyumba chache na mashamba ya mtama na mihogo. Nilichelewa kuolewa. Wenzangu tuliochezwa unyago pamoja walikuwa na watoto wawili wawili nilipopata mume. Kwa desturi yetu mume ndiye anayehamia kwa kina mke, lakini wangu hakukaa sana. Wazungu walikuwa wanafyeka pori la Nachingwea walime karanga, na kila mwanamume mwenye nguvu alikimbilia huko. Yeye alifuata nyuma ya katapila akikusanya visiki. Mwisho wa mwezi alirudi juu ya lori, mwekundu kwa vumbi toka nywele hadi kucha.

Nilimpenda, na sisemi kwa kumung'unya maneno. Nyakanga, yule mama mkubwa wa unyago, alitufundisha namna ya kuishi na mume kitandani, nami nilikuwa mwanafunzi mwema. Lori likisikika kwa mbali, mwili wangu ulikuwa wa kwanza kujua. Lakini katika mafundisho yale yote hakuna aliyetuambia namna ya kulala na mume bila kupata mimba. Hilo halikuwa somo.

Uzazi wa kwanza ulinifika shingoni. Jua lilichomoza likazama, likachomoza tena, mtoto hatoki. Kwetu mtoto akikwama watu walijua sababu moja tu: mama ametoka nje ya ndoa. Wakunga wakanishika miguu. "Taja!" wakaniambia. "Mtaje mwanamume huyo, njia ifunguke!" Sikuwa na wa kumtaja. Nililia, nikaapa, wakaona ni ukaidi, wakazidi kupiga kelele. Mume wangu alikuwa amekaa nje, nyuma ya ukuta wa udongo na fito. Mwishowe mtoto alitoka, wa kike, mzima, na damu ikamfuata mpaka mkeka wote ukalowa. Nilikuwa nimefumba macho nilipomsikia mkunga mkubwa akimwambia mama yangu, "Huyu Mungu amemrudisha. Mtoto wa pili ataondoka naye."

Walidhani nimezimia. Maneno yale sikumwambia mtu.

Mwanzoni desturi ilinilinda. Mama anayenyonyesha halali na mume. Akilala na mwanamume, mtoto anabemendwa: anadhoofika, miguu inakonda, hatembei. Kwa hiyo mume anasubiri mpaka mtoto atembee barabara, hata aweze kutumwa kata ya maji, ndipo wazee wanampa ruhusa ya kurudi kwa mkewe. Watu waliona ni desturi ya kumlinda mtoto. Mimi niliishika kama ni yangu. Mume akija, yeye alilala kitandani, mimi na mtoto mkekani. Nilisikiliza anavyopumua, namtaka na namwogopa kwa pamoja. Sijui adhabu inayozidi hiyo.

Kisha mtoto akaanza kujishika kwenye kinu na kusimama. Nikamnyanyua. Toka siku ile nikawa namfunga mbeleko kabla hajamaliza uji. Nilitwanga naye mgongoni, nikapalilia ufuta naye mgongoni, nikaenda naye kisimani. Akilia kutaka chini, nampa ziwa. Jioni mgongo uliwaka moto, lakini afadhali mgongo. Kila siku ambayo watu hawakuiona miguu yake ikigusa ardhi niliona nimeongezewa siku moja ya kuishi; usiku tu, nikipitiwa na usingizi, alinitoroka mkekani akazunguka chumbani.

Mwenye hofu hafikirii mbali. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume, alitoka Mtua kuja kututembelea. Alimpakata mtoto, akamminya mapaja, akamtazama meno. Watoto wa rika lake walikuwa wanafukuza kuku uani.

"Huyu hajatembea?"

"Bado, wifi."

Akanirudishia mtoto. Halafu akasema mbele ya mama na bibi yangu, "Mtoto huyu amebemendwa. Na kaka yangu yuko Nachingwea. Haya, na nani?"

Hapo ndipo nilipoona nimejifanyia nini. Mtoto asiyetembea ndiye shahidi wa mama aliyelala na mwanamume. Nilikikimbia kitanda cha mume wangu, na kwa kukikimbia nimeonekana nimelala kwa mwingine. Akitembea, mume atarudi kwangu, nitashika mimba nife. Asipotembea, mimi ni mzinzi, na wale wakunga watasema, si tulimwambia ataje? Nilimshika mtoto mgongoni, nikahisi miguu yake ikinisukuma mbavu, imara, na sikujua nimwombee nini.

Wifi alipeleka habari kwa watu wa lori. Mume wangu akaja kabla mwezi haujaisha. Alishuka asubuhi, hakunisalimu. Uani walikuwepo dada yake, mama yangu, bibi, na majirani waliojifanya wamekuja kuazima ungo.

"Mama watoto," akasema kwa sauti ya chini, "hebu nieleze."

Mtoto mgongoni akaanza kulia.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa kwenye kigoda anamenya mihogo. "Fungua mbeleko," akasema bila kuinua kichwa. "Mweke chini."

Fundo la mbeleko lilikuwa kifuani pangu, fundo dogo tu, lakini vidole vilikataa. Watu wote wakavitazama vidole vile. Nikafungua. Nikamweka mwanangu mavumbini, nikamwachia. Akayumba. Akainua macho, akamwona baba yake, akaenda. Hakutambaa, hakuanguka. Alikwenda moja kwa moja mpaka akaishika kaptura ya baba yake kwa mikono miwili.

Vigelegele vilipanda. Wifi ndiye aliyepiga kuliko wote, akanikumbatia, akaniomba radhi na machozi yakimtoka. Mimi nilikaa chini nikalia, na watu wakasema ona furaha ya mama. Bibi peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa ameweka kisu chini, ananitazama.

Kesho yake akanichukua shambani kuchimba mihogo, lakini jembe alilitua tu.

"Mtoto anayetembea vile hakuanza jana," akasema. "Unaogopa nini?"

Nikamwambia maneno ya mkunga. Nilipomaliza, bibi alikuwa amekaa kwenye tuta.

"Kwa nini hukusema, mjukuu wangu?"

"Ningemwambia nani, bibi? Hao hao waliokuwa wananiambia taja?"

Akafungua pindo la kaniki yake, akatoa uzi mweusi uliosokotwa, akaufunga mafundo huku akisema maneno nisiyoyasikia vizuri. Kisha akanifunga kiunoni, chini ya shanga. Masharti yalikuwa haya: nisiuvue, mume asijue, na mtoto nisimwachishe ziwa upesi. Siku nikitaka mtoto mwingine, yeye mwenyewe atafungua.

Sijui kama uzi unazuia mimba. Manesi wa siku hizi wanacheka, na wacheke. Ninachojua ni kwamba mara za kwanza nililala na mume wangu mkono mmoja umeushika ule uzi, mwili mkavu, mgumu kama gogo, nasubiri amalize. Nyakanga angeniona angenifukuza unyagoni. Mume aliniuliza kama naumwa, nikasema ni uchovu wa jembe. Damu ya mwezi ilipokuja nilijifungia bafuni kwenye ua wa makuti nikaibusu kanga yangu kwa furaha. Ikaja na mwezi uliofuata. Taratibu mkono ukaanza kuuachia uzi, na siku moja nikajikuta nacheka kitandani kama zamani. Wajukuu zangu wakilalamika kwamba sindano za kliniki zimewaondolea hamu, nawasikiliza, siwabezi, kila mwili na mambo yake. Wangu uliipoteza hamu kwa hofu, na ukaipata tena hofu ilipopungua.

Ilipungua, haikuisha, kwa sababu sasa nilimwogopa mume wangu mwenyewe. Wanawake walisema mume akiukuta uzi huukata kwa kisu, halafu huenda kwa wazee kudai kwamba mke amemnyima watoto makusudi. Nilijifunza kulala ubavu, kujifunika upesi, kusogeza shanga.

Mchana mmoja wa masika mvua ilituzuia kwenda shamba. Mtoto alikuwa kwa bibi. Mkono wa mume wangu ukapita chini ya shanga, ukasimama. Vidole vyake vikaufuata uzi, fundo kwa fundo, hadi mgongoni, vikarudi. Nilikitazama kisu chake kilichochomekwa ukutani.

"Siku ile nilikuwa nyuma ya ukuta," akasema. "Na mimi nilimsikia mkunga."

"Kila nikipanda lori kurudi Nachingwea nawaza labda nimekuachia kifo humu ndani. Nikifika kule nakuota."

Mvua ilikuwa inapiga nyasi za paa. Akashika tena uzi, pale ubavuni.

"Fundo hili limelegea," akasema. "Kamwambie bibi alikaze."

Nikalia kwa kwikwi. Mara hii ilikuwa furaha kweli, na hapakuwa na mtu wa kupiga vigelegele.